Kabla Hamjanunua Kinu: Kikombe cha Mzee Kalinga

Neema, na nyie wenzake wote mnaosaga mawe pale kiwandani Iyunga, shikamoo zenu nimezipata na zote nimeitikia, hata ya yule aliyeandika "shkmoo" kama mtu anayekimbizwa. Mmenitumia kwenye simu picha za mashine kumi na moja na swali moja tu: "Bibi Tuse, tuchukue ipi?" Mnataka jibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa kuna kikao. Kikao chenu nakijua. Kutakuwa na karanga, kutakuwa na maji ya chupa mbele ya kila mjumbe, na kutakuwa na mtu atakayesema tuwe na mtazamo mpana. Mnachagua mashine ya kutengenezea unga wa kusafishia maji ya wenzenu, halafu nyie mnakunywa ya chupa.

Nitawajibu, ila msitegemee mistari miwili. Nimestaafu, magoti yananiuma, na mvua ya Mbeya imenifungia ndani tangu asubuhi. Kaeni.

Tuanze na hizo picha. Kwenye kila picha kuna bwana mmoja amevaa glovu nyeupe, anacheka, mkono kauweka juu ya mashine kama anaibariki. Fundi mwenye glovu nyeupe hajawahi kufungua kinu. Mimi nimesaga mahindi, kisha nimesaga mawe, na sikumbuki siku ambayo mikono yangu ilikuwa na rangi moja. Na huyo wa mashine ya saba, aliyeandika kwamba mashine yake haina kelele wala vumbi, mwambieni namtakia maisha marefu. Mashine isiyo na kelele wala vumbi ni ile ambayo haijawashwa.

Kazi nilianzia kwenye mashine ya mahindi ya mjomba wangu kule Rungwe. Hapo ndipo nilipojifunza mambo mawili ambayo hayamo kwenye picha zenu. La kwanza ni kusikiliza. Kinu kikiwa kimeshiba kinaunguruma, kikiwa na njaa kinapiga kelele, na beringi ikitaka kufa inalia kilio chembamba siku mbili kabla. La pili ni kushika unga. Unachukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, unasugua. Mama wa Kinyakyusa aliyeleta debe lake la mahindi hakuhitaji maabara. Alisugua, na kama kuna chenga alinimwagia maneno mpaka wateja wengine wakasogea karibu wasikie vizuri. Sisi Wanyakyusa hata tukiungama dhambi kanisani, walioko nje wanasikia.

Shikeni hilo neno, chenga. Vipande vidogo vilivyokataa kuwa unga. Ndilo lililotutia aibu ya kwanza.

Mwajiri wangu alikuwa Sanga, mwanzilishi wa kiwanda chenu, yule ambaye picha yake mmeitundika ofisini akiwa na tai. Ile tai ilikuwa ya kuazima. Alikuwa na mashine mbili za nyundo za kusagia mahindi na chakula cha kuku, nami nilikuwa fundi wake mkuu, kwa maana kwamba fundi mwingine hakuwepo. Siku moja akarudi kutoka Iringa kwenye msiba wa shemeji yake na habari kwamba kuna mradi wa maji kule milimani, juu ya mji, unatafuta mtu wa kuusagia mawe ya chokaa. "Mama Lusajo," akaniambia, "kusaga ni kusaga. Jiwe ni hindi lililokauka sana."

Mradi huo ulikuwa unaendeshwa na mzee mmoja wa Kihehe, Kalinga. Yeye ndiye aliyefungua bomba, aliyelifunga, aliyeziba lilipopasuka, na aliyetukanwa lilipokauka. Maji ya kijiji chake yalitoka kwenye kijito cha msituni. Maji ya namna hiyo ni mepesi na yana ukali, yanakula mabomba ya chuma taratibu. Kiangazi yalionekana masafi. Masika yalishuka mekundu kwa udongo. Walikuwa wanatia shabu ili uchafu ushikamane uzame, lakini kwenye maji yale shabu peke yake ilikuwa haifanyi kazi. Shabu inataka mwenzake, na mwenzake ni unga wa mawe ya chokaa, ule wa jiwe bichi lisilochomwa. Unga ule unapunguza ukali, shabu inapata nguvu, uchafu unaganda vipande vipande na kwenda chini.

Masika yaliyotangulia tangi lilikuwa limewashinda kabisa. Watu walifungua bomba likatoka tope, wakarudi kuchota mtoni, na homa ya matumbo ikaingia kijijini. Kalinga alikuwa amemzika mjukuu wake. Akasimama mbele ya mkutano wa kijiji akaahidi kwamba masika yanayokuja bomba litatoa maji ya kunywa. Kwa hiyo muelewe mapema tulikuwa tunacheza na nini. Tulikuwa na miezi minne hivi kabla ya mvua, na unga ukikataa, kijiji kinarudi mtoni.

Karatasi ya mradi ilisema unga uwe wa meshi mia mbili. Hapo ndipo akili zetu za kusaga mahindi zilipotuponza. Nyie mmesoma, mtacheka. Kwenye mashine ya mahindi chekecheke huitwa kwa ukubwa wa tundu, kwa milimita. Nukta nane ni laini, moja na nusu ni ya uji wa mgonjwa asiyependwa, namba tatu ni ya kuku. Namba ikipanda, tundu linapanuka. Sasa Sanga anasoma mia mbili. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Mia mbili? Tundu la mia mbili si linapita mbuzi?"

"Labda wamekosea sifuri," nikasema. Ndiyo, mimi. Fundi mkuu.

"Wamekosea. Hawa watu wa maji hawajui kusaga. Tuwape ishirini, na tuwaongezee ubora tuwafungie ya nukta nane."

Tukajisifu kwamba tunampa mteja unga laini kuliko alioomba. Hakuna aliyetuambia kwamba meshi huhesabiwa kwa idadi ya matundu katika urefu wa inchi moja, hivyo namba ikipanda, tundu linakuwa dogo. Mia mbili ni unga unaopita kwenye kitambaa cha hariri. Ishirini ni mchanga. Na hatukumwuliza mtu, kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba hatujui.

Tukasaga magunia ishirini, tukapakia kwenye lori la mbao, tukaenda Iringa tukiwa tumevaa nguo za kutokea.

Mzee Kalinga alikuwa mrefu, mkavu, na mpole wa ule upole unaokufanya ukague kama umefunga vifungo. "Kamwene," akatusalimu. Tukaitikia kamwene. Hakuangalia magunia. Alileta pipa la maji ya kijito, akayachafua kwa udongo mwekundu yawe kama ya masika, akatia unga kipimo, akatia shabu, akakoroga kwa mti mrefu, akasubiri. Kisha akatoa kikombe cha bati cha rangi ya samawati kilichobanduka mdomoni, akachota, akanipa.

"Hapa kwangu anayeleta dawa ya maji ndiye anayekunywa kwanza," akasema. "Wale pale wanaangalia." Wale pale walikuwa akina mama wa kamati ya maji, kama saba, wamekaa kwenye majani na ndoo zao tupu.

Nikanywa. Chenga zikaingia kwenye meno nikasikia kru, kru. Maji yalikuwa yale yale mekundu. Kalinga akainamisha pipa, na chini kule unga wetu wote ulikuwa umelala kama ulivyomwagwa. Ulizama kabla haujafanya kazi yoyote.

"Mama, hii ungeileta na maharage," akasema. "Hii ni makande."

Akina mama wakacheka mpaka mmoja akalalia ndoo yake. Sanga, ambaye alikuwa shabiki wa mpira, akaniambia tukiwa njiani kurudi, "Mama Lusajo, leo tumepigwa chenga na chenga." Mimi nilitema chenga mpaka Makambako.

Basi hapo tukajua kwamba mashine ya nyundo ina mwisho wake. Nyundo inapiga jiwe, jiwe linapasuka, lakini kufika kwenye ulaini ule inachukua muda, na jiwe nalo linaila nyundo. Tulibadili nyundo mara tatu kwa magunia ishirini. Kuna kijana wenu ameniandikia kwamba mashine ya tatu kwenye picha "ni noma, inasaga chochote." Mwanangu, ni mashine ya nyundo iliyopakwa rangi ya chungwa. Inasaga chochote, pamoja na yenyewe.

Tukaanza kutafuta. Mashine mpya ya mawe ilikuwa ya kuagiza, na ingefika mvua zikiwa zimeshaisha. Ndipo Sanga akasikia kuna karasha linauzwa Chunya.

Kwa wale wenu waliotoka mbali, karasha ni kinu cha wachimbaji wa dhahabu. Pipa kubwa la chuma, ndani mna gololi za chuma kubwa kama machungwa, linazungushwa na mota, gololi zinapanda na kuanguka juu ya mawe mpaka mawe yanakuwa poda. Poda kweli. Nilipoliona likifanya kazi moyo wangu uliruka. Nikachukua unga wake nikasugua kati ya vidole, sikusikia kitu. Ulikuwa laini kama wa kumpaka mtoto akitoka kuoga. Nikamwambia Sanga, "Bosi, hii ndiyo."

Kisha nikamwuliza mwenyewe, mwanaume mmoja mnene aliyekuwa anakula muwa, swali ambalo nimelikumbuka kila siku ya maisha yangu. Nilijua wachimbaji hukamata dhahabu kwa zebaki. Nilijua pia wengine huimimina humo humo kwenye karasha wakati linazunguka. Nikamwuliza, "Mlikuwa mnatia zebaki humu?"

Akatema makapi ya muwa. "Mara chache."

Mara chache! Vijana, mtu akiwaambia kisima kina maiti mara chache, mtachota? Mimi nilisikia, Sanga alisikia, na hapakuwa na upepo kusema neno lilipotea njiani. Lakini nilikuwa nimeshalipenda lile karasha. Nilikuwa nimeshapaona pale litakapokaa, nimeshaona uso wa Kalinga, na masikio yangu bado yalikuwa na kicheko cha wale akina mama. Nikasema, "Tutaliosha."

Na tulilisafisha, msiseme hatukulisafisha. Tuliosha na maji ya moto na sabuni ya unga, tukasugua kwa brashi za chuma, tukasaga mawe mabovu raundi kumi tukayatupa, tukanunua gololi mpya. Ukiingiza kichwa ndani ulisikia harufu ya kufulia. Kila nilipotaka kukumbuka neno la yule bwana, nilikuta nina boliti ya kukaza. Bado hadi leo sina uhakika kilichobaki mle ndani kilikuwa kiasi gani. Labda hakikubaki kitu. Zebaki haina adabu, inajificha kwenye mkwaruzo wa chuma na huioni.

Tukasaga magunia matano ya majaribio. Tukarudi Iringa. Safari hii Sanga alivaa ile tai.

Kalinga akaleta pipa lile lile, udongo ule ule, mti ule ule. Akatia, akakoroga, tukasubiri. Na mbele ya macho yetu maji yakaanza kukata. Uchafu ukajikusanya ukawa vidonge vidonge, vikashuka polepole, na juu pakabaki maji meupe mpaka ukaona kutu ya pipa. Akina mama wakasimama kutoka kwenye majani. Mmoja akapiga kigelegele. Kalinga akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona ana meno.

Akachota kwa kikombe cha samawati, akanipa.

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikakileta mdomoni. Na mkono ukakataa.

Sitawadanganya kwamba nilitafakari. Sikutafakari kitu. Nilimsikia tu yule bwana akitema makapi ya muwa, mara chache, na kikombe kikabaki pale chini ya pua yangu kama kimefungwa waya. Mmoja wa wale akina mama, ambaye mgongoni alikuwa na mtoto amelala, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona hanywi?"

Nyie hamjui aibu. Nyie mmeona aibu za mtandaoni, mtu anafuta anaendelea. Mimi nilikuwa nimesimama juani, nimeshika maji niliyoyatengeneza mwenyewe, na nilikuwa tayari kuyapeleka kwenye mdomo wa mtoto yule ila si kwenye wangu.

"Kunywa, Mama Lusajo," Sanga akaninong'oneza. "Kikombe kimoja tu."

Kalinga alisikia. Akanipokonya kikombe kwa upole, akamgeukia. "Basi kunywa wewe, bosi."

Sanga akakitazama kile kikombe. Akalegeza tai. Akatazama mlima, akatazama lori, akarudi kwenye kikombe.

"Mimi nina vidonda vya tumbo," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mpaka leo nikiwasimulia watu wanacheka, na mimi nacheka, lakini pale hakuna aliyecheka. Nikasema yote. Nikasema karasha limetoka wapi, lilikuwa linafanya kazi gani, nini niliuliza na nini nilijibiwa. Nilisema kwa sauti ya kwetu, kwa hiyo hata waliokuwa wanapalilia upande wa pili wa kijito walisikia. Nikamaliza, nikangoja kufukuzwa.

Mzee Kalinga akayarudisha maji ya kikombe pipani, akafunika pipa, akalifunga kwa kamba, akasema lirudi Mbeya na unga wote, hata tone lisimwagwe kwenye ardhi yake. Kisha akanijia.

"Nashukuru hukunywa," akasema. "Ungekunywa, na sisi tungekunywa. Sasa nenda kalete unga, nyalukolo, ndugu yangu. Mvua haikungojei."

Vijana, nililia kutoka Iringa hadi Mafinga. Sanga aliniacha nilie, akafungua dirisha, akasema vumbi ni jingi barabarani. Barabara ni ya lami. Tulipofika Makambako akasema, bila mimi kumwuliza, kwamba lile karasha atalikatakata, na kweli alilikatakata, hakumwuzia mtu mwingine, na hilo ndilo linalonifanya nisiitoe picha yake ukutani kwenu.

Ilibaki miezi miwili kasoro. Mashine hatuna, ila zile za nyundo. Nikaagiza kutoka Dar es Salaam wavu halisi wa meshi mia mbili, safari hii nikiwa nimeuliza mpaka mwuzaji akachoka. Wavu ukapakiwa kwenye basi, na watu wa basi wakaushusha Ruaha Mbuyuni pamoja na magunia matupu ya vitunguu. Ukakaa kwenye ghala la vitunguu wiki nzima kabla sijaenda kuufuata mwenyewe. Tukasaga kwa mashine ya nyundo, tukachekecha kwa mkono, chenga zilizobaki juu tukazirudisha kinuni, tukasaga tena, tukachekecha tena. Chuma cha nyundo kilikuwa kinaingia kwenye unga, kwa hiyo nikang'oa sumaku kwenye spika ya redio ya nyumbani kwangu nikawa naipitisha kwenye unga wote, sinia baada ya sinia. Sumaku ilikuwa inatoka imeota ndevu. Kiwanda kizima tulichekecha, Sanga naye, na kope zetu zote zilikuwa nyeupe. Kwa siku tulipata gunia moja na nusu, tukibahatika umeme haukukatika.

Tuliufikisha unga wiki mvua ilipoanza. Wa kutosha masika yale tu, hata gunia la ziada halikuwepo. Kalinga akakoroga. Maji yakakata. Akanipa kikombe, na nilikinywa chote, nikakigeuza juu chini kichwani kwangu waone kimekwisha.

"Yana ladha gani?" yule mama mwenye mtoto akauliza.

"Kitunguu," nikasema. Maana wavu ule haukuwahi kuacha kunuka.

"Kitunguu hakijaua mtu," akasema Kalinga, akaenda kufungua bomba. Masika yale hakuna aliyerudi mtoni kuchota.

Mashine ya mawe yenyewe ilikuja baadaye, hiyo hiyo iliyowalea nyie mpaka sasa mnaiita mkweche. Magurudumu mazito yanabiringika ndani ya pete ya chuma, jiwe linapondwa katikati, feni inapuliza unga juu, mwepesi unapita na mzito unarudi chini kusagwa tena. Kwa jiwe letu la upande wa Songwe, ambalo si gumu sana, na kwa ulaini tunaoutaka, sijaona iliyo bora. Kwa hiyo katika picha zenu ya pili, ya tano na ya tisa zinafaa kuzungumzwa. Ya kumi ni pipa la gololi lililofunikwa mawe magumu ndani badala ya chuma, nayo si mbaya, unga wake hautaingia kutu, ila inakula umeme kama harusi inavyokula wali. Nyingine zifuteni, simu zenu zipumue.

Katika hizo nne, ulizeni beringi. Kama beringi yake haipatikani sokoni Mwanjelwa, hiyo si mashine, ni sanamu. Ulizeni itafanyaje jiwe likiwa na unyevu, maana mwuzaji anaishi kwenye nchi ya picha ambako hakunyeshi, nanyi mnaishi Mbeya. Jengeni banda la kukaushia mawe kabla ya kujenga ofisi ya meneja. Tumeni gunia la mawe yenu wenyewe wakasage mkiona, wasisage mawe yao. Na unga ukitoka, kipimo cha maabara kipimeni, karatasi zisomeni, namba zisizoeleweka ulizeni hata mkichekwa. Kisha sugueni kwa vidole.

Na kama kuna mashine iliyotumika, ya bei ya kuvutia, iliyokuwa inasaga kitu kingine huko ilikotoka, nanyi mmeshaipenda, basi mtanikumbuka. Naona ya nne, ambayo najua hamtaifuta, ni kuukuu iliyopakwa rangi upya. Neema, umeniandikia kwamba mwuzaji amesema ilikuwa inasaga "madini mbalimbali." Mwulize mbalimbali ni yapi. Akitema makapi, ondokeni.

Mzee Kalinga alifariki akiwa bado anafungua na kufunga bomba. Wanawe waliniletea kikombe, wakasema aliagiza. Nimekaa nacho kabatini, sijawahi kukinywea chai. Leo nimekifunga kwenye kanga yangu ya zamani, na dereva wa bajaji atakayewaletea barua hii anacho. Mdomo umebanduka zaidi, muwe waangalifu na midomo yenu.

Ijumaa toeni zile chupa mezani, na saini ingoje hadi mawe yenu yasagwe. Chukueni unga kutoka kwenye kila mashine mliyoijaribu, utieni kwenye maji ya mto pamoja na shabu, mkoroge, msubiri. Kisha, kabla hajasaini, mpeni kikombe aliyeshika kalamu. Akinywa, nunueni. Akiwaambia ana vidonda vya tumbo, mashine siyo hiyo.